Mtoto analia, miguu imetulia: maswali yenu kuhusu damu kuvujia uti wa mgongo

Mwezi huu tumepokea barua kadhaa kuhusu tatizo ambalo wahudumu wengi wa afya hustaafu bila kukutana nalo: damu kuvujia ndani ya mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Kwa kuwa ni nadra, hukosewa kwa urahisi, na kukosewa kwake huweza kugharimu miguu ya mtoto. Barua ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu nyingine zinaegemea humo.

Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume wa miezi 8 aliamka usiku akilia, hashikiki. Homa hakuwa nayo. Shingo aliiweka upande. Zahanati walimpima malaria, ikaonekana, akapewa dawa. Siku ya tatu nikaona miguu haichezi na nepi inaloa kidogo kidogo mfululizo. Hospitali ya rufaa wakakuta damu imevujia mgongoni, wakasema ana himofilia. Sasa yuko kwenye matibabu. Je, kulikuwa na namna ya kulijua mapema? (Mama, Morogoro)

Marahaba, mama. Namna ipo, lakini si rahisi, na asitokee mtu wa kukwambia ulizembea. Mtoto wa miezi 8 hasemi mgongo unauma wala miguu ina ganzi. Anachoweza ni kulia, kukataa kushikwa, na kuacha kufanya alichokuwa akikifanya jana.

Tuanze na kinachotokea ndani. Ugwe wa mgongo, yaani mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka kutoka ubongoni, hupita katika mfereji mwembamba uliozungushiwa pingili za mifupa. Kati ya mfupa na utando unaofunika ugwe kuna nafasi ndogo yenye mafuta na vishipa vya vena visivyo na vali za kuzuia damu kurudi nyuma. Mtoto akilia kwa nguvu, akikohoa au akijikamua choo, msukumo wa tumboni na kifuani hurudi moja kwa moja kwenye vishipa hivyo. Kwa mtoto ambaye damu yake inaganda vizuri, hakuna linalotokea. Kwa mwenye himofilia, yaani ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, kishipa kimoja kikichanika damu haikomi. Na kwa sababu mafuta ya eneo hilo kwa mtoto mchanga bado ni laini, damu husambaa juu na chini, pengine kutoka shingoni hadi kiunoni, badala ya kukaa mahali pamoja. Mfupa hautanuki, kwa hiyo kinachobanwa ni ugwe.

Ndiyo maana dalili huja kwa zamu. Maumivu hutangulia, miguu kulegea hufuata baada ya saa kadhaa au hata siku kadhaa, na mkojo hufuatia. Kipindi kile cha kwanza cha maumivu matupu ndicho chenye nafasi kubwa ya kumwokoa mtoto, na ndicho ambacho nyumbani hupewa majina ya kawaida: chango, meno, gesi, maumivu ya sikio.

Kilio cha maumivu ya mgongo kina tabia zake. Mtoto wa chango hutulia akibebwa, akitembezwa, akilazwa kifudifudi mapajani. Huyu wa mgongo hulia zaidi anaponyanyuliwa, na hupata nafuu akiachwa amelala bila kuguswa. Kubadilisha nepi humuumiza kwa sababu ukiinua miguu, mgongo unajikunja. Shingo huikaza, huipinda upande mmoja, au huutupa mgongo nyuma kama upinde. Aliyekuwa anakaa anakataa kukaa. Aliyekuwa anatambaa anabaki alipowekwa. Homa inaweza isiwepo kabisa, au ikawepo ndogo tu.

Ukiona hayo, fanya uchunguzi mdogo. Mlaze chali juu ya mkeka au kitanda kigumu, mvue nguo zote na nepi, kisha mwangalie dakika mbili bila kumgusa. Mtoto anayelia hurusha mikono na miguu pamoja. Mikono ikirusha huku miguu imetulia, au imejilaza nje kama miguu ya chura, hiyo ni dharura. Halafu finya taratibu kidole gumba cha mguu, lakini macho yako yawe usoni kwake. Hapa ndipo wengi hudanganyika, wahudumu wakiwemo: mguu uliokatika mawasiliano na ubongo bado unaweza kujikunja wenyewe ukifinywa, mtu akaona "mbona anahisi". Uso ukikunjamana au kilio kikiongezeka, amehisi. Mguu ukijikunja huku uso haujali, ubongo haujapata habari. Usimnyanyue kwapani ili kujaribu kama atasimama.

Tazama na tumbo. Mtoto wa kawaida hupumua kwa tumbo na kifua pamoja. Tumbo likipanda huku kifua kinabonyea ndani, damu inaweza kuwa imefika shingoni, na hapo hakuna kusubiri asubuhi. Chini ya kitovu papase kama kuna uvimbe wa mviringo: ni kibofu kilichojaa. Ile nepi uliyosema inaloa kidogo kidogo mfululizo ni mkojo unaofurika kutoka kwenye kibofu kisichoweza kukamua, wala si dalili kwamba anakojoa vizuri. Mtoto mwenye afya hukojoa kwa mafungu, na kwa kawaida huloanisha nepi 6 au zaidi kwa siku.

Kuhusu malaria, waliompima walifanya sawa. Ila kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya ugonjwa uliokwisha kutibiwa. Malaria iliyoonekana kwenye kipimo haielezi shingo iliyopinda wala miguu isiyocheza. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili.

Mwisho, kuna dalili za miezi ya nyuma ambazo huwa tumezipita bila kuziunganisha. Kitovu kilichovuja damu siku nyingi. Tohara iliyotoka damu hadi siku ya pili. Uvimbe mkubwa wa bluu mahali pa chanjo. Alama za vidole kifuani pale anapobebwa, au mabaka magumu kwenye paja na paji la uso tangu aanze kutambaa. Mdomo uliochanika kidogo ukatoa damu siku nzima. Mtoto mwenye moja kati ya hayo akianza kulia bila sababu na kukaza shingo, sentensi ya kwanza utakayomwambia mhudumu isiwe "analia sana". Sema: "Huyu huwa anatoka damu bila kukoma, na leo miguu haichezi."

Kwetu hakuna ukoo wenye ugonjwa wa damu, na mtoto hakuanguka. Mke wangu anaangaliwa vibaya na ndugu. Himofilia imetoka wapi? Na je, damu ya mgongoni huletwa na himofilia peke yake? (Baba, Mombasa)

Baba, waambie ndugu waache. Himofilia A, ambayo ni upungufu wa protini ya kugandisha damu iitwayo fakta 8, humpata takriban mtoto 1 kati ya wavulana 5,000. Himofilia B, upungufu wa fakta 9, ni nadra zaidi. Kasoro iko kwenye kromosomu X, ndiyo sababu wavulana ndio huugua na mama anaweza kuibeba bila dalili. Lakini karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote katika ukoo: kasoro imeanza upya kwa mtoto au kwa mama yake. Kama mama anaibeba, kila mimba ya mtoto wa kiume ina uwezekano wa nusu kwa nusu, kwa hiyo apimwe kabla ya mimba ijayo, tena pamoja na dada zake. Apimwe ili mjiandae kwa uzazi, isiwe njia ya kumtafuta mwenye kosa.

Kuanguka si lazima. Kilio kirefu au kikohozi kinatosha, na mara nyingi hakuna tukio lolote linalokumbukwa.

Himofilia si sababu pekee. Upungufu wa vitamini K unafuata, na huo huwapata wasichana pia, si wavulana tu. Upungufu mkali wa fakta 13 mara nyingi hujionyesha kwanza kwa kitovu kinachovuja damu siku kadhaa baada ya kuzaliwa. Pletileti, chembe ndogo za kugandisha damu, zikishuka sana damu huvuja pia. Kwa watoto wa siku za kwanza, uzazi mgumu huumiza shingo na mgongo, hasa mtoto aliyetanguliza matako akavutwa, au kichwa kilichozungushwa kwa koleo. Wengine wana fundo la mishipa ya damu iliyoungana vibaya tangu tumboni. Vipimo vya kuganda damu vikiwa safi kabisa, fundo hilo ndilo hutafutwa. Na kuna mtoto aliyetikiswa kwa nguvu na mtu mzima mwenye hasira. Daktari atauliza swali hilo kwa kila familia. Mjibu tu, wala usilichukue kama tuhuma.

Mimi ni tabibu wa kituo cha afya. Hatuna MRI (mashine ya kupiga picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) wala fakta. Mtoto wa miezi 5 akija na miguu iliyolegea, nitatofautishaje na homa ya uti wa mgongo, polio na mengineyo? Nianze na nini? (Tabibu, Kigoma)

Ndugu tabibu, jambo la kwanza ni lile utakalojizuia kulifanya: usichome sindano ya kutoa maji mgongoni kwa mtoto mwenye miguu iliyolegea ghafla, au mwenye alama za kuvuja damu, kabla hujajua kama damu yake inaganda. Sindano hiyo peke yake huweza kusababisha damu kuvujia mgongoni. Kama unahofia homa ya uti wa mgongo, antibiotiki isicheleweshwe hata dakika: toa dozi ya kwanza kwa njia ya mshipa, si kwenye msuli, na maji ya mgongo yatasubiri.

Tofauti huonekana kwa kutafuta mstari. Chukua kijiti chenye ncha butu, anza kwenye nyayo, panda taratibu kuelekea tumboni na kifuani, huku unatazama uso. Mahali uso unapobadilika ghafla ndipo ugwe ulipobanwa. Homa ya uti wa mgongo haina mstari: mtoto ana homa, utosi umevimba, amelegea mwili mzima au ana degedege, lakini miguu haizidiwi na mikono. Polio hulegeza upande mmoja zaidi ya mwingine, huja na homa, haiondoi hisia na kwa kawaida haigusi mkojo. Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu, chini ya mwaka mmoja ni nadra sana na hupanda kwa siku nyingi. Kifua kikuu cha mgongo huchukua wiki au miezi. Mguu mmoja tu usiosogea, huku vidole vyake vinacheza na nyonga ikiguswa anapiga kelele, fikiria usaha kwenye kiungo au mfupa. Mguu mmoja ambao wayo wake unaning'inia baada ya sindano ya tako, fikiria mshipa wa fahamu uliochomwa. Kuvimba kwa ugwe wenyewe kunafanana mno na damu, na ni picha tu itakayovitenganisha.

Reflexi, ule mruko wa mguu ukigongwa, zisikupoteze. Saa za mwanzo zinaweza kupotea kabisa kwa sababu ya mshtuko wa ugwe, mtu akaandika "polio". Taarifa ya kulegea kwa ghafla itolewe kama kawaida, na sampuli mbili za choo zichukuliwe kwa kupishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze. Lakini sampuli hizo zichukuliwe mtoto akiwa njiani au ameshafika hospitali ya rufaa. Asiwekwe kituoni kuzisubiri.

Damu uchukue kwenye mkono au juu ya kiganja kwa sindano nyembamba, kisha ubane dakika 5 hadi 10. Usichome shingoni wala kwenye kinena. Picha kamili ya damu na kundi la damu ni lazima. Kwa PT na APTT, vipimo viwili vya muda wa damu kuganda, tumia chupa ya sitreti yenye kifuniko cha bluu na ujaze hadi kwenye mstari. Chupa iliyojazwa nusu inaongopa: APTT itatoka ndefu hata kwa damu isiyo na kasoro. Kusoma majibu ni hivi. APTT ndefu, PT ya kawaida na pletileti za kawaida kwa mtoto wa kiume: himofilia mpaka ithibitike vingine. PT ndefu sana, APTT nayo mara nyingi ndefu, pletileti za kawaida: upungufu wa vitamini K au ini. Kumbuka APTT ya mtoto mchanga huwa ndefu kidogo kuliko ya mkubwa, na fakta 9 huzaliwa ikiwa chini, hivyo himofilia B isiyo kali hurudiwa kupimwa akifika miezi 6 hivi. Fakta 8 haina udhuru huo. Kile kipimo cha kutoboa ngozi na kuhesabu dakika mpaka damu ikome kisikutulize, kwa mwenye himofilia hutoka cha kawaida.

Matibabu hayasubiri picha. Hili ndilo kosa linalorudiwa hata katika hospitali kubwa: mtoto anajulikana ana himofilia, anasubirishwa foleni ya MRI ndipo apewe fakta. Fakta kwanza, picha baadaye. Uniti 1 ya fakta 8 kwa kilo hupandisha kiwango kwa asilimia 2 hivi, kwa hiyo uniti 50 kwa kilo humfikisha asilimia 100. Mtoto wa kilo 8 ni uniti 400. Chupa ikiwa ya 500, mpe yote, usitupe. Kwa fakta 9, uniti 1 kwa kilo hupandisha asilimia 1 hivi, na lengo la damu ya ubongo au mgongo ni asilimia 60 hadi 80. Wiki ya kwanza fakta 8 hutunzwa kati ya asilimia 80 na 100, ikirudiwa kila saa 8 hadi 12 kwa sababu miili ya watoto huimaliza upesi. Mtoto aliyewahi kupewa fakta mara kadhaa na safari hii haimsaidii, huenda ameshatengeneza kingamwili dhidi yake. Itahitajika dawa nyingine, na mtaalamu wa damu apigiwe simu saa hiyo hiyo. Anayetumia emicizumab, ile sindano ya kinga ya chini ya ngozi, APTT yake hutoka ya kawaida au fupi hata akiwa anavuja damu. Dawa hiyo hukinga, haizimi damu iliyokwisha kuanza.

Pasipo na fakta, krayo, ile sehemu ya plazma iliyogandishwa inayotolewa na benki ya damu, ina fakta 8 takriban uniti 70 hadi 80 kwa mfuko. Mifuko 5 humtosha mtoto wa kilo 8 kwa kuanzia. Krayo haina fakta 9. Kama hujui ni himofilia ipi, plazma (maji ya damu) mililita 15 kwa kilo, ambazo kwa kilo 8 ni mililita 120, ni bora kuliko kutotoa kitu. Kadi ya kliniki isipoonyesha kwamba alichomwa vitamini K alipozaliwa, mpe miligramu 1 hadi 2 polepole kwenye mshipa. Kama shida ni vitamini K, PT huanza kushuka ndani ya saa chache, na jibu hilo lenyewe ni utambuzi. Kama ni himofilia, haitamdhuru.

Picha ya kwanza kwa aliye chini ya miezi 3 au 4 inaweza kupatikana wilayani: nyuma ya pingili zake bado ni gegedu, hivyo ultrasaundi ya mgongo hupenya na kuonyesha mfereji. Ikionyesha kitu, umeokoa muda. Ikiwa safi, haifuti shaka. MRI ndiyo ya uhakika, nayo ipigwe mgongo mzima pamoja na ubongo, si kiuno peke yake, maana damu hukaa zaidi shingoni na sehemu ya juu ya kifua. Mtoto mdogo mara nyingi hupigwa bila dawa ya usingizi: ananyonyeshwa, anafungwa vizuri kwenye shuka, anasubiriwa alale.

Kwenye safari ya rufaa mtoto alazwe kwenye ubao au godoro gumu, kichwa na mgongo katika mstari mmoja, taulo mbili zilizokunjwa kila upande wa kichwa. Anyanyuliwe na watu wawili. Asibebwe mgongoni kwa mbeleko wala asipakiwe bodaboda. Kibofu kikiwa kimejaa, wekeni mpira mwembamba wa mkojo kabla ya kuondoka. Andika saa aliyonyonya mwisho, kwa sababu daktari wa usingizi kwa kawaida huhesabu saa 4 tangu maziwa ya mama. Na kwenye simu ya rufaa usiseme "mtoto amelegea". Sema umri, jinsia, miguu ilianza kulegea saa ngapi, na kwamba unashuku damu mgongoni.

Bibi yake anataka kumkanda kwa mafuta ya nazi na kumvuta viungo, anasema ni baridi imeingia. Wengine wanasema apigwe chale. Nimzuie vipi bila kumkosea adabu? (Mama mdogo, Tanga)

Mwambie: "Bibi, huyu damu yake haigandi, ukimkanda atavilia ndani." Bibi aliyelea watoto kumi ataelewa kuliko unavyodhani. Kukandwa na kuvutwa viungo huweza kuongeza damu pale ilipo. Chale, kuumikwa, kukata kimeo na kung'oa "meno ya plastiki" ni hatari kwa mtoto yeyote, na kwa mwenye himofilia zinaweza kuua. Mpe bibi kazi nyingine: kumpaka mafuta taratibu kwa kiganja, bila kubonyeza.

Nina mimba ya miezi 7 na natumia dawa za kifafa. Muuguzi aliniambia mtoto wangu yuko hatarini kuvuja damu. Nifanye nini? (Msomaji, Dodoma)

Dada, usiache dawa. Degedege la mama ni hatari kwa wote wawili. Muuguzi amekuambia kweli: fenitoini, karbamazepini na fenobabitoni, pamoja na dawa za kifua kikuu kama rifampisini, huweza kupunguza vitamini K ya mtoto akiwa tumboni, na damu ikavuja ndani ya saa 24 za kwanza. Mweleze daktari wa kliniki sasa. Wapo wanaompa mama vitamini K wiki za mwisho. Jifungulie hospitali, na hakikisha mtoto anachomwa vitamini K mapema na kuandikwa kwenye kadi. Dozi ni miligramu 1 kwenye paja, nusu yake kwa mtoto aliye chini ya kilo 1.5.

Sindano hiyo ni kwa watoto wote. Maziwa ya mama yana vitamini K kidogo mno, na utumbo wa mtoto mchanga bado hauna bakteria wa kuitengeneza. Bila sindano, damu huweza kuvuja kati ya siku ya 2 na ya 7, au baadaye kabisa, kati ya wiki ya 2 na miezi 6, kilele kikiwa wiki ya 3 hadi ya 8. Hiyo ya baadaye ndiyo mbaya: zaidi ya nusu ya watoto huvujia kichwani. Wachache huvujia mgongoni. Hii si sababu ya kuacha kunyonyesha.

Na hata aliyechomwa, mwangalie rangi. Macho ya njano yaliyopita siku 14, choo cheupe kama udongo wa mfinyanzi na mkojo wa rangi ya chai ni dalili kwamba nyongo haishuki. Bila nyongo vitamini K haifyonzwi, na sindano ya siku ya kwanza huisha nguvu. Mtoto huyo aende hospitali wiki hiyo hiyo.

Mtoto wa dada yangu amepatikana na damu mgongoni. Daktari mmoja anasema apasuliwe, mwingine anasema apewe fakta tu. Nani yuko sahihi? Na atatembea? (Mjomba, Nairobi)

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa saa tofauti. Kama mtoto ana himofilia, miguu bado inasogea, na baada ya fakta hali inaimarika, wengi hupona bila kisu: damu huyeyuka yenyewe na picha hurudiwa kuthibitisha. Kama miguu imelala kabisa, kupumua kunabadilika, au anazidi kudhoofika ilhali fakta imefika kiwango, upasuaji haungoji. Damu inayobana ugwe uliokwisha kulala inapaswa kutolewa ndani ya saa, si siku. Matokeo ni bora zaidi ikitolewa ndani ya muda wa saa 12 tangu miguu ilale. Lakini hata baada ya hapo watoto wadogo wamewahi kurejesha nguvu kuliko ilivyotarajiwa, kwa hiyo kuchelewa kufika kusiwe sababu ya kukata tamaa.

Waulizeni madaktari swali hili: "Mtafungua pingili ngapi, na mtazirudisha?" Kuondoa nyuma ya pingili nyingi kwa mtoto mchanga huacha mgongo ukipinda kadiri anavyokua. Wapasuaji wengi hufungua chache tu, wakaifyonza na kuisafisha damu iliyobaki kwa mpira mwembamba, au huinua mifupa kama kifuniko na kuirudisha mahali pake. Yeyote atakayepasuliwa lazima fakta iwe imefika asilimia 80 hadi 100 kabla ya kisu, na iwepo ya kutosha siku nyingi zinazofuata. Ulizeni idadi ya chupa kabla, si baada.

Kuhusu kutembea, asiwepo wa kukuahidi wiki ya kwanza. Ishara njema ni hisia kurudi kabla ya nguvu: uso unaokunjamana anapofinywa kidole cha mguu. Wakati wa kusubiri ageuzwe kila saa 2 ili asipate vidonda, na mkojo utolewe kwa mpira safi kila saa 4 hivi kama kibofu hakikamui, maana figo huharibika kimya kimya. Mazoezi ya viungo yaanze mara damu inapokuwa imetulia, kwa kufuata mtaalamu. Baadaye apewe kinga ya kudumu ya kuzuia damu kuvuja. Shirikisho la Himofilia Duniani, lenye makao Montreal, hutoa fakta na emicizumab kwa msaada katika nchi kadhaa, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo, kupitia vituo vya himofilia. Aandikishwe kwenye kimojawapo kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani.

Mtoto mwenye himofilia akiumwa homa nimpe dawa gani? Na chanjo aendelee? (Mama, Mwanza)

Parasetamo, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini hapana, hata kwa jino. Chanjo zote aendelee nazo. Mwambie muuguzi kabla ya sindano ili atumie sindano nyembamba; ubane mahali hapo dakika 5 hadi 10 bila kusugua, ukiwa na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Kama yuko kwenye ratiba ya fakta, pangeni chanjo iangukie siku ya fakta. Paja likivimba na kuwa gumu, rudi kituoni siku hiyo hiyo.